Nimalizie wapi digrii ya kompyuta kwa mtandao: Chuo Kikuu Huria, University of the People au University of London?

FundiKebo
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka maana dirisha moja la udahili linafungwa mwisho wa mwezi na hela ya kuanzia ninayo mkononi, nikichelewa itaingia kwenye mambo mengine. Nilisoma sayansi ya kompyuta nikaishia njiani, sasa nataka kumalizia nikiwa kazini, kwa mtandao, kwa gharama ambayo mtu wa kawaida anaiweza. Nimebaki na vitatu, Chuo Kikuu Huria cha hapa Tanzania, University of the People na University of London. Kila ninayemuuliza anasifia chake. Nichague kipi?

Kigogo wa Ilala
Mkuu umeleta mada nusu. Uliishia mwaka wa ngapi? Uliahirisha au ulidisko, yani kuondolewa kwa kufeli? Transkripti, ile karatasi ya kozi na alama zako, unayo? Bajeti yako shilingi ngapi kwa mwaka? Na hiyo digrii unaitaka uombe kazi serikalini au kampuni binafsi? Bila hayo kila mtu atakujibu la kwake.

Binti Makorora
Naunga mkono hapo juu, na ongeza uko mkoa gani. Huria mitihani unaenda kufanyia kituo cha mkoa, kwa hiyo kama uko porini huko mbali na mjini hiyo nauli nayo ni ada.

Kodi_Safi
Mi ningekwambia hiyo hela nunua laptopu nzuri na bando la mwaka mzima, ujifunze mwenyewe. Waandishi wa programu wanaolipwa vizuri hapa Dar wengi wanaulizwa umetengeneza nini, cheti hawaangalii kabisa. Miaka miwili ya chuo ni mirefu sana kwenye teknolojia.

Kigogo wa Ilala
Kodi_Safi mwenzio kauliza chuo kipi, hajauliza kama asome.

mzee_wa_moduli
Nasoma University of the People, ngoja nieleze ilivyo ili ujue unaingia wapi. Ada ya masomo hakuna ila unalipia kila kozi ada ya tathmini. Zamani ilikuwa dola 100, ikaenda 120, na imeshapanda tena, kwa hiyo ingia tovuti yao uone ya sasa, usitegemee za kwenye video za zamani. Kuna na dola 60 za maombi. Digrii nzima ni kozi 40, yani krediti (pointi za kozi) 120, zidisha mwenyewe. Nafuu yake ni kwamba unalipa kozi kwa kozi, muhula ukikwama kifedha unachukua kozi moja tu au unapumzika. Mihula ni 5 kwa mwaka, kila mmoja wiki 9. Wiki yao inaanza Alhamisi inaisha Jumatano, na kwa saa zetu mwisho wa kukusanya kazi unaangukia Alhamisi asubuhi, kwa hiyo Jumatano usiku kwangu hakuna kulala mapema. Kila wiki unasoma, unachangia mjadala, unaandika kazi, na wanafunzi mnasahihishiana kwa vigezo mnavyopewa. Hakuna mhadhara wa mwalimu kusimama mbele, ni wewe na maandishi. Kama we ni mtu wa kusukumwa hutofika. Unaanza na Python kisha Java, huko mbele databesi, mifumo endeshi, alogarithimu.

Kuhusu ithibati, yani kutambuliwa rasmi, walipata ya DEAC, shirika la ithibati la Marekani, 2014 na mwaka 2025 wakapata ya WSCUC, hii ya pili ndo ya ukanda ule wa California wenye vyuo vikubwa vinavyojulikana. Mimi hiyo imenipa moyo sana.

Binti Makorora
Ithibati ya Marekani nzuri, lakini hapa kwetu swali ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kazi za Sekretarieti ya Ajira tangazo linasema wazi, waliosoma nje vyeti vyao viwe vimehakikiwa na TCU. Kwa hiyo FundiKebo kabla hujalipa hata senti waandikie TCU, taja jina la chuo na la programu na useme unasoma kwa mtandao, upate jibu la maandishi. Usiridhike na "nimesikia wanaitambua". Huria hilo halikuhusu kabisa, ni chuo cha serikali, kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na kikaanza kupokea wanafunzi 1994. Cheti chake ni cha hapa hapa.

FundiKebo
Samahanini wakuu nilikuwa site. Niko Mwanza, nafunga intaneti majumbani na maofisini. Niliishia mwaka wa pili mwishoni, sikudisko, mzee alifariki nikaahirisha nikashindwa kurudi. Serikalini sijafunga mlango, kuna nafasi za afisa tehama huwa zinatoka halmashauri na zote wanataka digrii, hata kazini kwetu kupanda nako ni digrii. Bajeti milioni moja na nusu kwa mwaka, nikijibana sana mbili. Transkripti sina, chuo kinanidai ada ya muhula mmoja.

Kigogo wa Ilala
Sasa hapo ndo penye kesi yenyewe mkuu. Hicho ulichokitaja mwisho ndo cha kwanza. Bila transkripti hamna chuo duniani kitakachokupokelea krediti, utaanza mwaka wa kwanza kama aliyetoka form six jana. Deni ni shilingi ngapi?

FundiKebo
Laki nane na kidogo.

Kigogo wa Ilala
Basi hela ya kwanza peleka hapo. Miaka miwili yako ikipokelewa hata nusu tu umeokoa zaidi ya hiyo laki nane.

Chaligamba
Mkuu FundiKebo soma hili kwa utulivu maana limenipata na sitaki likupate. Chuo sitakitaja. Nilikuwa na miaka miwili kama wewe, transkripti safi, nikakutana na wakala mjini ana ofisi nzuri kabisa, anasajili watu chuo cha nje kwa mtandao, akaangalia transkripti yangu pale pale akasema krediti zote zinahama, we unaingia mwaka wa tatu moja kwa moja, unamaliza ndani ya mwaka mmoja, lipa ada ya usajili na ya muhula wa kwanza tukuwekee nafasi. Nikalipa. Masomo yakaanza kweli, yana mfumo, yana walimu, si kwamba ni matapeli wa kukimbia na hela. Muhula wa kwanza ukaisha ndo barua ya tathmini ya krediti inakuja, wamepokea kozi nne tu, nne, tena mbili ni za mawasiliano na maendeleo, zile za kompyuta zote wamekataa kwa sababu transkripti inaonyesha jina la kozi na alama peke yake, wao wanataka silabasi inayoonyesha mada, saa za kusoma, na vitabu, na mwisho wa siku kozi yangu ya databesi waliiona kama ya ngazi ya cheti. Nikarudi chuo cha zamani kuomba silabasi, mkuu wa idara kabadilika, mtaala wenyewe wameshaubadilisha, ile ya miaka yangu haipo kwenye kompyuta iko kwenye mafaili, njoo kesho njoo wiki ijayo. Nilipozipata, kule nje wanasema tathmini ilishafungwa, kufungua upya ni ada nyingine. Wakala nikimpigia anasema yeye kazi yake ni usajili. Nikaacha. Hela ya muhula imeenda, na zile kozi nilizosoma kwao sina transkripti yake mpaka leo.

Kwa hiyo ukienda kulipa deni usitoke na transkripti tu, toka na silabasi ya kila kozi ikiwa na mhuri. Na usilipe ada ya muhula popote kabla hujapewa tathmini kwa maandishi, kozi hii imepokelewa, hii hapana. Ya mdomo usiikubali hata aseme nani.

mzee_wa_moduli
Pole sana Chaligamba. Hili la silabasi ni kweli tupu, vyuo vingi vya nje wanalinganisha mada kwa mada. Na vingi vina kanuni lazima sehemu kubwa ya digrii uisomee kwao, kwa hiyo hata ukiwa na miaka miwili kamili usihesabu kwamba yote itaingia.

Binti Makorora
Pole kaka. Mimi hizo ofisi za mawakala ningependa zifuatiliwe, mtu anachukua kamisheni kwenye maisha ya mtoto wa mwenzie halafu anasema kazi yake ni usajili.

Mkisii wa Nakuru
Wandugu wa Bongo mbona hakuna anayetaja Open University of Kenya? Ilipewa hati yake Agosti 2023, makao Konza, masomo yote ni mtandaoni. Wana data sayansi, na usalama wa mitandao pamoja na uchunguzi wa kidijitali. Karo unalipa kwa simu. Mimi binamu yangu yuko huko na anafanya kazi ya mchana kama kawaida. Hata wewe FundiKebo hiyo ya usalama wa mitandao inakufaa kuliko sayansi ya kompyuta, tayari uko kwenye mambo ya kebo na ruta.

Kigogo wa Ilala
Karibu jirani. Lakini akija huko ni cheti cha nje tena, anarudi TCU vile vile.

Mkisii wa Nakuru
Si marais walitangaza 2017 kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu? Kwa nini mtu wa Mwanza asumbuliwe na digrii ya Kenya?

Binti Makorora
Walitangaza, Mei 2017, lakini tangazo la marais na karatasi anayoshika afisa utumishi ni vitu viwili. Anayepokea maombi anafuata kilichoandikwa kwenye tangazo la kazi. Mimi nimefanya kazi ofisi ya utumishi, faili lisilo na barua ya TCU halifiki hata mezani.

Kodi_Safi
Mnaona sasa? Barua, mhuri, faili, tathmini. Jamaa angekuwa ameshajifunza akatengeneza mfumo wa kukusanya bili za hao wateja wake wa intaneti. Wateja anao tayari!

Binti Makorora
Kodi_Safi nakuheshimu ila ushauri huo unamfaa kijana wa miaka 20 anayelala kwao. Mtu ana familia, anataka kupanda kazini, kazini wanataka digrii. Mfumo wa bili atautengeneza na digrii atapata.

Kodi_Safi
Sikatai digrii, nasema asiisubiri. Wenzangu wamemaliza chuo na kuunganisha programu na malipo ya simu hawajui, na ndo kitu kila mfanyabiashara hapa anakitaka.

Mdau wa Minnesota
Salamu kutoka huku kwenye theluji. Mimi nilimalizia WGU, Western Governors University, kilianzishwa 1997 na magavana wa majimbo ya huku. Unalipa kiasi kimoja kwa miezi sita na ndani ya hiyo miezi unamaliza kozi nyingi unavyoweza, ukijiona unaijua unaomba mtihani, ukifaulu unasonga. Mtu kama FundiKebo anayejua mitandao kwa mikono angeruka kozi za mitandao kwa wiki chache. Shida moja, lazima uwe unaishi huku. Naandika kwa ajili ya ndugu wengine walioko Marekani wanaosoma hapa, wengi wanakimbilia vyuo vya bei kali na hiki hawakijui.

Rahma_Muscat
Kaka Mdau, mtu aliyeko Oman mwenye diploma ya tehama ya Zanzibar hawezi kabisa?

Mdau wa Minnesota
Dada Rahma hapana, anuani ya makazi wanaiangalia.

Kigogo wa Ilala
Turudi kwa mleta mada. London hakuna aliyeigusa.

mzee_wa_moduli
London niliipigia hesabu. Programu yao ya sayansi ya kompyuta ilianza 2019 ikiwa Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, na walimu wa Goldsmiths, chuo kilicho chini ya London, ndo wanaoisimamia kitaaluma. Ada inategemea nchi uliyopo, lakini hata kwa kundi la chini kozi nzima inapita paundi elfu kumi. Kwa bajeti ya milioni moja na nusu kwa mwaka haiwezekani hata ukiitandaza miaka sita.

Kigogo wa Ilala
Jina kubwa lakini. Hata Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1961 ilianza ikiwa chini ya University of London. Mandela naye alisoma sheria kwao akiwa gerezani.

Binti Makorora
Jina halilipi ada. FundiKebo mimi nabaki na Huria. Unalipa kulingana na kozi unazojisajili, kituo kipo Mwanza hapo hapo, na digrii ya tehama wanayo. Nenda kituoni uwaulize ana kwa ana watapokea krediti ngapi, mtu wa kumfuata yupo, ofisi unaijua.

Chaligamba
Huria nayo uliza kama kozi unazozitaka zinafundishwa muhula huu. Na jiandae kusoma peke yako, jina lenyewe linakwambia. Mdogo wangu alisoma sheria kwao akamaliza vizuri, siri yake ilikuwa kikundi cha watu wanne wanaokutana kila Jumamosi.

FundiKebo
Nashukuru sana wakuu. London nimeitoa. Jumatatu naenda chuo cha zamani kuwaona uhasibu kama watakubali nilipe kwa awamu wanipe transkripti, na silabasi nitaulizia. Sasa hilo dirisha la mwisho wa mwezi ni la Huria. Nikilipa deni la laki nane sitakuwa na ya kuanzia muhula huu. Nilipe deni nisubiri dirisha lijalo, au niingie Huria kama mwanafunzi mpya na vyeti vya form six?

Kigogo wa Ilala
Lipa deni.

mzee_wa_moduli
Lipa deni, lakini wakati unasubiri fanya kozi za bure za hesabu na Python usije ukaingia na kutu.

Kodi_Safi
Ingia sasa hivi. Ukisubiri dirisha lijalo hela italiwa na kitu kingine, nimeona watu wengi. Transkripti itakuja baadaye.

Chaligamba
Baadaye ipi? Krediti zinaombewa wakati wa udahili, ukishasajiliwa mwaka wa kwanza kuanza kupandishwa ni vita. Na kuna vyuo krediti zikishakuwa za zamani sana hawazitaki, kila mwaka anaopoteza zinachakaa. Kwanza FundiKebo hujasema, uliacha mwaka gani?

Mkisii wa Nakuru
Na umeme huko Mwanza uko aje? Mimi kabla ya kusoma onlaini ningenunua betri ya kuwasha ruta, kazi ya kukusanya usiku na stima imepotea ni balaa.

Kodi_Safi
Ruta inakula umeme kidogo sana, betri ndogo ya volti 12 inatosha usiku kucha. FundiKebo hilo ndo fani yake atuambie yeye aina gani nzuri.

Rahma_Muscat
Na kwa sisi wenye diploma tulioko Ghuba, Huria tunafanyia wapi mitihani? Kuna anayejua?