Naomba ushauri: binti kapata UDSM na UDOM, nyumbani tumegawanyika kwa sababu ya umbali

MamaMakorora
Assalam alaikum, habari za jioni wadau. Nipo Tanga mjini, Makorora. Binti yangu wa kwanza kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na majina ya udahili yametoka. Kachaguliwa Sayansi ya Kompyuta UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), na kozi hiyohiyo UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka athibitishe chuo kimoja kwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu, na muda unaisha wiki hii.

Baba yake anataka Dar. Dada wa mume wangu, shangazi yake binti, anakaa Chanika, pembezoni mwa Dar, na ameshasema "mleteni, chumba kipo". Kwa baba yake mjadala umeishia hapo, mtoto wa kike hapelekwi mji usio na ndugu. Bibi yake hataki Dar wala Dodoma, anauliza kwa nini asisome hapahapa Tanga akalala nyumbani. Binti mwenyewe roho yake iko Dodoma, ila mbele ya baba yake hasemi. Kaniambia mimi tu, jikoni.

Mume wangu anafanya vibarua bandarini, mimi nakaanga samaki jioni Ngamiani. Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, binti ameomba, bado hatujajua atapangiwa kiasi gani. Mimi shangazi yake simhofii hata kidogo, ni mtu mwema. Ninachohofia ni hiyo Chanika na chuo. Waliosoma au wanaosomesha huko, niambieni ukweli.

Mwana wa Gongolamboto
Shikamoo mama. Mimi nilisoma Mlimani, yaani UDSM, nikikaa kwa mjomba, Chanika hiyohiyo.

Kipindi cha saa moja asubuhi kilinitaka niwe kituoni saa kumi alfajiri. Gari ya Chanika inakushusha Gongo la Mboto, pale unagombea ya Mawasiliano, ukifika Mawasiliano unatafuta ya kuingia chuo. Mvua ikinyesha hesabu zote zinavurugika. Jioni ndiyo mbaya zaidi. Kozi ya kompyuta kazi nyingi ni za vikundi, wenzako wanakaa maabara mpaka saa tatu usiku, wewe saa kumi na moja unaanza kuangalia saa. Kazi ya kundi inafanywa haupo, siku ya kuwasilisha unasimama kusoma kitu usichokijua.

Halafu ukifika nyumbani wewe si mwanachuo, wewe ni mtoto wa nyumba ile. Vyombo vipo, maji ya kuchota yapo, watoto wa kufundishwa hesabu wapo. Sisemi kwa ubaya, mjomba alinifaa sana na namshukuru mpaka leo. Lakini kwa binti mambo hayo huwa mazito zaidi kuliko yalivyokuwa kwangu. Mwaka wa pili nilipata nafasi Mabibo Hosteli, ya chuo, na matokeo yangu yakapanda.

Mwambie baba kwa heshima kwamba Chanika ni karibu na ndugu, siyo karibu na chuo.

Mzee wa Dunda
Mama, mimi niko Bagamoyo, nimesomesha. Usiipuuze hoja ya mumeo. Mwanangu alikuwa SUA, chuo kikuu cha kilimo, Morogoro, akaugua malaria kali mwaka wa kwanza. Aliyekaa naye wodini usiku kucha ni mke wa binamu yangu anayeishi Kihonda. Mimi nilifika kesho yake mchana. Rafiki wa chuo ana mtihani wake, hawezi kulala hospitali siku tatu.

Kwa hiyo kabla ya kusema Dodoma, tafuteni mtu kule. Siyo lazima wa damu. Watu wa Tanga wako kila mahali, hamkosi jirani wa zamani aliyehamia huko na wizara. Mtoto akalale hosteli, lakini awe na mlango mmoja mjini anaoweza kuugonga.

Bint Pongwe
Hoja ya bibi ijibiwe vizuri, maana anaonekana kama hajui na kumbe anawaza gharama. Tanga vyuo vipo: Chuo cha Utumishi wa Umma wana kampasi, LITA, chuo cha mifugo, wapo Buhuri, VETA ya ufundi ipo. Chuo Kikuu Huria, cha kusoma kwa masafa, nao wana kituo cha mkoa. Chuo Kikuu Mzumbe nao wana mradi wa kampasi Mkinga. Ila shahada ya kompyuta ya kukaa darasani kila siku, kama aliyoipata binti, akiikosa leo asitegemee kuikuta hapa mjini. Huria ni chuo kizuri kwa mwenye kazi na nidhamu yake. Mtoto wa miaka kumi na tisa anahitaji mwalimu na wenzake pembeni.

Kijana wa Handeni
Shikamoo mama. Nimemaliza UDOM, CIVE, ndiyo koleji ya kompyuta yenyewe.

Hosteli ziko ndani ya chuo, unatembea kwa miguu kwenda darasani. Aombe chumba mapema mara tu akithibitisha, asisubiri kufika. Boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa HESLB, ni shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, na huja kwa mafungu. Akipangiwa na akakaa hosteli anaweza kuishi nayo kwa adabu. Dar asipopata hosteli akapange Changanyikeni au Makongo, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama.

Ubaya wa Dodoma nao nisiufiche. Safari ni ya kutwa nzima, Segera, Chalinze, Morogoro ndiyo mfike, kwa hiyo likizo fupi asitegemee kurudi. Chuo kiko nje ya mji. Vumbi lipo, na baridi ya Juni na Julai mtoto wa pwani ataisikia mpaka kwenye mifupa, mnunulieni sweta nzito. Na boom la kwanza huchelewa, aondoke na hela ya kula ya wiki kadhaa.

Fundi Mitambo
Dar ina faida moja kubwa, mafunzo kwa vitendo, yaani field. Kampuni za simu na benki makao yake yako kule. Ila Dodoma sasa wizara ziko Mtumba, mji wa Serikali, na zina vitengo vya TEHAMA. Na wakati wa field ndipo chumba cha shangazi kinapokuwa na kazi: wiki nane akae Chanika, afanye field mjini, arudi chuo.

MamaMakorora
Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Hili la field nimemsomea mume wangu kwa sauti, kanyamaza muda mrefu. Halafu akampigia dada yake, akamuuliza yeye anatoka saa ngapi kwenda kazini Kariakoo. Dada kajibu saa kumi na moja kasoro.

Baada ya hapo ameuliza maswali mawili tu. Hosteli za wasichana UDOM zina ulinzi? Na kuna mtu wa Tanga humu anayeishi Dodoma na familia yake, ambaye naweza kuzungumza naye inboksi?

Kijana wa Handeni
Ulinzi upo mama, na hosteli za wasichana zimetengwa na za wavulana. Dada yangu kaolewa Dodoma, ana watoto wawili. Nakutumia namba yake sasa hivi, piga baada ya isha.