Unga mweupe wa kuhifadhia mahindi: ni chokaa au diatomaiti?

Mkulima wa Pongwe:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Sisi wa Tanga chokaa si ngeni kwetu, kwani mawe yake tunayo tangu mapango ya Amboni. Sasa nimeuziwa unga mweupe, mwepesi mno, wa kuchanganya na mahindi ghalani, na muuzaji anasema ni mawe ya ziwani yanayoitwa diatomaiti, ambayo viwandani huchujia bia. Je, si chokaa hiyohiyo iliyobadilishwa jina?

Mjiolojia wa Raskazone:
Waalaykum salaam. La, ni vitu viwili tofauti kabisa. Mawe ya Amboni ni kalsiamu kaboneti iliyojikusanya baharini enzi za Jura, mamilioni ya miaka iliyopita, ilhali diatomaiti ni silika, madini yaliyomo pia katika mchanga na kioo, na mara nyingi silika hiyo hufikia asilimia 80 hadi 90 ya jiwe. Imetokana na daiatomu, viumbe wa seli moja wa jamii ya mwani, ambao hujijengea magamba yenye vitundu kwa silika iliyoyeyuka majini. Wakifa, magamba huzama na kurundikana. Ili tabaka liwe safi, maji yanahitaji silika nyingi na tope kidogo, ndiyo maana maziwa ya kale ya Bonde la Ufa, yaliyolishwa na majivu ya volkano, yalifaa sana. Machimbo ya Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, ni mfano mzuri. Tabaka likifukiwa chini mno, joto na mgandamizo huigeuza silika hiyo kuwa jiwe gumu, na vitundu vyote hupotea.

Kujaribu ni rahisi: kamulia ndimu juu ya unga. Unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa hutoa povu. Diatomaiti safi haitoi.

Fundi Mitambo, Chumbageni:
Kwenye uchujaji, unga hutandazwa kwanza juu ya wavu, kisha kinywaji, sukari ya maji au mafuta hupitishwa humo, na uchafu hunaswa katika vitundu. Mvumbuzi Alfred Nobel naye aliinyonyesha nitrogliserini, kilipuzi cha majimaji, katika unga huu ili isilipuke ovyo, akapata hataza ya baruti kali iitwayo dainamaiti mwaka 1867. Rangi za ukutani na matofali ya kuzuia joto pia huutumia.

Lakini hapa ndipo penye hatari: unga wa kuchujia kwa kawaida huwa umechomwa kwenye tanuri, na moto huo huzalisha kristobaliti, silika ya fuwele ambayo vumbi lake huharibu mapafu na kusababisha saratani. Kuuchanganya na chakula hakutakiwi kabisa. Wa ghalani uwe haujachomwa, na mfuko wake uonyeshe kwamba umesajiliwa kwa nafaka. Hata huo, funga pua na mdomo unapouchanganya.

Mkulima wa Pongwe:
Nimekamulia ndimu na povu halikutoka. Je, utaua dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani?

Mjiolojia wa Raskazone:
Unga hunyonya nta ya ngozi ya mdudu, akakauka na kufa. Fukusi huathirika zaidi. Dumuzi ni sugu kuliko yeye. Unyevu wa pwani yetu hupunguza nguvu za unga, kwa hiyo kausha mahindi mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13 kabla ya kuyachanganya. Ila ndimu haikwambii kama unga umechomwa au la. Hilo mwulize muuzaji, na asipokuonyesha maandishi ya mfuko, mrudishie.