Tupeane uzoefu: vyombo vya muziki vya volti 100 na 120 kwenye umeme wetu wa 230

Mkazi wa Tandika: Ndugu wanajamvi, leo nimepita Kariakoo nikakuta duka limepanga ampilifaya zilizotumika kutoka Japani, zimefutwa vumbi hadi zinang'aa, na kila moja nyuma ina kibandiko cha AC 100V. Nilikumbuka moshi uliojaa sebuleni kwetu siku marehemu baba alipochomeka ya kwake moja kwa moja ukutani. Hata hivyo nimenunua moja, ya wati 180, na tangu mchana ipo kwenye boksi kwa sababu mkono unakataa kuiwasha. Waliopitia haya naomba waeleze yaliyowakuta.

Katibu Mstaafu: Umenikumbusha jambo ambalo usharika wetu hauligusi hadi leo. Nilikuwa katibu wa kwaya mkoani Morogoro tulipoletewa na marafiki wa Marekani ampilifaya kubwa ya volti 120. Plagi yake ya pini mbili bapa haikuingia kwenye soketi, na sasa nafahamu kwamba ukaidi ule wa plagi ndio uliokuwa ulinzi wetu wa kwanza. Kijana mmoja wa sauti ya besi akaikata kwa wembe, akafunga plagi ya pini tatu, akawasha. Fyuzi ikakatika papo hapo bila hata moshi, nasi tukawa tumeonywa mara ya pili. Kijana akatafuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara (nani alikuwa na sigara kanisani, hilo halikuulizwa), akaizungushia fyuzi, akairudisha mahali pake. Chombo kilivuma kwa sekunde chache kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe, kisha ukasikika mlipuko mmoja mkavu, na harufu ya vanishi iliyoungua ikatanda hadi madhabahuni wakati mgeni rasmi anashuka kwenye gari. Fundi alipokifungua tulikuta nyaya za transfoma zimekuwa nyeusi kama mkaa, na kapasita moja, kile kikopo kinachotunza umeme ndani ya chombo, imepasuka ikamwaga vipande vya karatasi kila pembe kama pamba ya mto uliochanika.

Mnyaturu Halisi: Karatasi ya sigara imeua redio nyingi kuliko radi.

Fundi Mwembeyanga: Pole, katibu. Kijana wenu alipoiziba fyuzi alimfunga mdomo mlinzi. Transfoma iliyosukwa kwa volti 120 ikipewa 230, chuma chake hushiba sumaku, na tangu hapo waya wa shaba hunywa umeme bila kipimo. Fyuzi ikikatika pale pale, mara nyingi kifaa bado kina uhai. Hata hiyo yenu ingeweza kusukwa upya kwa volti 230.

Dada wa Columbus: Mimi nilifanya kinyume chenu. Nilihamia huku Ohio na redio yangu ya volti 230 kutoka Dar es Salaam, nikanunua kigeuza plagi cha dola chache nikidhani kinageuza na umeme. Taa iliwaka kwa unyonge na sauti ikatoka kama ya mtu mwenye homa. Angalau haikuungua.

Jirani wa Bandari: Nunueni jenereta la Marekani, mmalize ubishi.

Mpenda Santuri, Unguja: Nasimulia kisa ambacho hakina moshi, lakini kiliniumiza zaidi. Shemeji yangu aliniletea kutoka Marekani mashine ya zamani ya santuri, nami kwa kuwa ni mtu mwangalifu nikaiwekea transfoma ya kushusha umeme. Nikaweka santuri ya Siti binti Saad, yeye aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mzito anayeimba usingizini. Bibi yangu akauliza ni nani huyo anayemwigiza Siti. Nilibadilisha sindano, nikabadilisha mkanda, hadi mzee mmoja wa Mlandege akanieleza kwamba mota ile hufuata Hz za umeme, yaani idadi ya mara umeme unavyokwenda na kurudi kwa sekunde. Kwao ni 60, kwetu ni 50, kwa hiyo santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilikuwa ikizunguka 65.

Injinia Mtarajiwa: Si kweli. Transfoma inatengeneza kila kitu, na Hz hazina uhusiano wowote na muziki.

Mpenda Santuri, Unguja: Kijana, njoo Unguja usikilize mwenyewe, kisha unieleze Siti alibalehe lini.

Fundi Mwembeyanga: Mzee yuko sahihi. Transfoma hushusha volti na haigusi Hz. Kwa ampilifaya tofauti hiyo huongeza joto kidogo tu, lakini mota ya namna ile hubadilishiwa puli. Mashine zenye mota ya umeme wa betri hazina tatizo hilo.

Injinia Mtarajiwa: Nilikuwa nazungumzia ampilifaya.

Mnyaturu Halisi: Hukuwa unazungumzia ampilifaya.

Mama Wawili: Mume wangu aliibeba transfoma ya kilo 6 kila tulipohama nyumba, mwaka mzima, mpaka fundi alipoigeuza ampilifaya na kutuonyesha kwa nyuma kitufe cha kuzungushwa kwa sarafu, chenye 120, 220 na 240. Tazama kwanza mgongo wa chombo chako, kaka.

Mkazi wa Tandika: Nimetazama, dada yangu. Hakina kitufe. Kimeandikwa 100V tu, 50/60Hz.

Fundi Mwembeyanga: Basi Hz zisikusumbue. Usinunue transfoma ya wati 200 kwa chombo cha wati 180, nunua ya 500. Jambo la pili ni kwamba nyingi zinazouzwa hapa hutoa volti 110, na usiku umeme wa mtaa ukipanda hadi 250, yako itapata karibu 120 badala ya 100. Omba ya 100 kamili.

Jirani wa Bandari: Yangu ya Japani ina miaka 4 kwenye 110 na haijawahi hata kupata joto.

Fundi Mwembeyanga: Ikipata, unajua nilipo.

Mnyaturu Halisi: Katibu, mgeni rasmi alifanyaje?

Katibu Mstaafu: Alihubiri dakika 40 kwa sauti yake mwenyewe. Waliokaa nyuma walisema hawajawahi kumsikia vizuri namna ile.

Mkazi wa Tandika: Fundi, kesho saa 4 nitakuwa Mwembeyanga na boksi langu. Plagi sijaikata.