Vyeti kwa Kipolandi: neno moja la Kiingereza, majina matano ya huku

Kutoka: Mgeni wa Poznań

Wadau, habari za huko mliko. Naandaa makaratasi ya ndoa, mchumba wangu ni wa hapa hapa Poland. Nina cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha polisi, vyote kwa Kiingereza na vyote vimeandikwa "certificate". Programu ya simu imenipa "certyfikat" kwa kila kimoja, mchumba kacheka mpaka machozi. Nimwambie nini mtafsiri? Na rafiki anayejua Kipolandi vizuri hawezi kunisaidia nikaokoa hela?

Kutoka: Mama Wawili, Łódź

Hongera mdogo wangu. Rafiki hawezi. Ofisi za huku zinataka tłumacz przysięgły, mtafsiri aliyeapishwa, mwenye mhuri wa mviringo na aliyemo kwenye orodha ya Wizara ya Sheria. Orodha iko wazi mtandaoni, unatafuta kwa lugha na mji.

Sasa hilo neno. Sisi tukisema cheti tumemaliza, lakini Mpolandi anauliza kwanza karatasi imetoka kwa nani na inathibitisha nini. Kuzaliwa, ndoa na kifo ni "akt". Huo akt wenyewe hukabidhiwi, umo kwenye daftari la Urząd Stanu Cywilnego, ofisi ya usajili wa vizazi, ndoa na vifo, ndio USC. Unachopewa ni "odpis", nakala rasmi, ama fupi (skrócony) ama kamili (zupełny). Ndiyo maana watu wetu wanabishana dirishani, "hii ndiyo orijino!", na karani haelewi, maana kwake orijino haitoki ofisini.

Cha shule ni "świadectwo". Hata ukiacha kazi mwajiri anakupa świadectwo pracy, itunze sana hiyo. Chuo kikuu ni "dyplom". Ofisi ikithibitisha hali ilivyo sasa, mshahara wako au mahali ulipojiandikisha kuishi, hiyo ni "zaświadczenie". Na certyfikat ipo kweli, ila ni ya mambo kama mtihani wa lugha, ule wa kiwango cha B1 utakaokuja kuuhitaji ukitaka uraia.

Kwa ndoa, cha kidato cha nne kiache nyumbani. USC watakudai zaświadczenie kwamba sheria ya kwenu inakuruhusu kuoa. Kama nchi yako haitoi karatasi ya namna hiyo, unaomba mahakama ya hapa ikuondolee sharti hilo. Hapo ndipo muda unapoliwa, anza mapema.

Kutoka: Mkenya wa Gdańsk

Naongeza la polisi. Kwetu jina lake ni "Certificate of Good Conduct". Kuna jamaa alitafsiriwa neno kwa neno, "świadectwo dobrego sprawowania". Sprawowanie ni ile alama ya tabia waliyokuwa wakipewa watoto shuleni! Ofisa akamtazama mzee mzima na ndevu zake, akamuuliza ni ya darasa la ngapi. Huku hiyo karatasi inaitwa zaświadczenie o niekaralności, kwamba hujawahi kutiwa hatiani. Mtafsiri mzuri analijua, lakini mwambie kabisa unaipeleka ofisi gani.

Bei pia uijue. Ukurasa wa tafsiri ya kiapo ni herufi 1,125 pamoja na nafasi, na ukurasa ulioanza unahesabiwa mzima. Kila mhuri na sahihi lazima ielezwe kwa maandishi, kwa hiyo karatasi moja yenye mihuri mingi usishangae ikilipiwa kurasa mbili. Na asirekebishe jina lako. Kama cheti na pasipoti havifanani, hilo limalize nyumbani kwa kiapo.

Kutoka: Mgeni wa Poznań

Asanteni sana, dada na kaka. Moja tu: naanza kutafsiri au naanza na mihuri ya uhalalishaji?

Kutoka: Mama Wawili, Łódź

Mihuri kwanza, kwa sababu nayo inatafsiriwa. Ukitafsiri kabla, utalipa mara mbili. Wanyarwanda tangu 2024 wanamaliza kwa apostille, muhuri mmoja unaotambuliwa na nchi zilizo kwenye mkataba wake. Kwa nchi isiyo kwenye mkataba huo, karatasi inapita wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha konseli wa Poland, Dar au Nairobi. Tuma ndugu mwenye subira, na skani apige kila upande, hata wa nyuma, maana kuna mihuri hupigwa huko.