Black Panther ya pili ilifeli kweli au tunaipima vibaya?

Mwisho_wa_Reli (Kigoma):
Wakuu habari za jioni. Hapa Mwanga tuna ubishi toka juzi kwenye kibanda cha muvi na mpaka leo haujaisha. Jamaa mmoja anasema Black Panther ya pili, ile Wakanda Forever, ilifeli, na hoja yake ni moja tu, ya kwanza 2018 iliingiza dola bilioni 1.34 dunia nzima, hii ya 2022 ikaishia milioni 859, imeshuka zaidi ya theluthi basi habari yake imekwisha. Mi nikamwambia 2022 watu ndo walikuwa wanatoka kwenye korona, afu Urusi haikuonyeshwa, China ikachelewa, akasema hivyo ni visingizio. Hii muvi naipenda kweli na imeniuma. Wanaojua mambo ya mauzo ya tiketi nisaidieni, ni haki kuziweka hizi mbili kwenye mzani mmoja?

Karabai (Kibirizi):
Mkuu mi mvuvi nakuelewa kabisa. Dagaa tunavua giza, mwezi ukishakuwa mkubwa nyavu zinakaa nchi kavu. Sasa mtu achukue mzigo wa usiku wa giza aulinganishe na wa mbalamwezi afu aseme nahodha kashuka kiwango, huyo ziwa halijui. 2018 ilikuwa giza zuri, sinema zimejaa kila mahali, mpaka Saudi Arabia walivyofungua sinema tena baada ya miaka zaidi ya 35 picha waliyoanza nayo pale Riyadh ni hiyohiyo Black Panther. Sinema za Marvel, ndo watengenezaji wa hizi Black Panther, China zilikuwa hazijaingia toka 2019, ya pili imeingia Februari 2023 wakati kwingine imetoka toka Novemba. Mi nasema siyo haki.

Mnyamwezi_wa_Hesabu (Tabora):
Karabai mfano wako nimeupenda ila haumalizi ubishi. 2022 hiyohiyo Top Gun: Maverick ilipita bilioni 1.4 na Avatar ya pili ikapita bilioni 2.3, na zote mbili Urusi hazikuonyeshwa, kwa hiyo samaki walikuwepo ziwani bwana.

Na China tusiikuze sana, ni kweli ya kwanza ilipata kule kama milioni 105, ila kwenye tiketi za China studio inabaki na robo hivi, zinazobaki ni za wenyeji. We angalia Marekani na Kanada peke yake ambako hiyo China haiingii, milioni 700 kwa 453, nako theluthi imeondoka vilevile. Sasa cha kuangalia ni wikiendi ya kwanza, milioni 202 kwa 181. Umeona hapo tofauti ni ndogo? Njoo wikiendi ya pili, ile ya 2018 ikakusanya tena 111 na hii ikadondoka hadi 66. Pesa imepotelea hapo. Watu walikuja ila hawakurudi.

Kwanini hawakurudi mi naona urefu umechangia, dakika 161 kwa 134 za mwanzo, ukumbi unapunguza maonyesho kwa siku, afu katikati ya Disemba Avatar ikaja ikachukua skrini kubwa zote.

Shangazi_Ujiji:
Wadogo zangu hesabu zenu sizipingi, ila mmeongea mpaka mwisho hakuna aliyemtaja marehemu. Chadwick Boseman, aliyeigiza Black Panther mwenyewe kwenye ile ya kwanza, alifariki Agosti 2020, na hii picha inaanza na mazishi ya huyo mfalme aliyemuigiza. Ile ya kwanza ilikuwa harusi, unaenda leo kesho unarudi na wadogo zako na wiki ijayo unampeleka mama. Hii ya pili ni msiba. Msibani watu wanajaa siku ya kwanza hata wasioitwa, ndo hizo milioni 181, ila nani anarudi kuzika mara mbili? Mi mwenyewe niliangalia na wanangu, tulilia wote, na sijairudia mpaka leo, na siyo kwamba ni mbaya, Angela Bassett, yule malkia, pale kwenye kiti cha enzi kaigiza mpaka nywele zinakusimama. Siwezi tu.

Mnyamwezi_wa_Hesabu (Tabora):
Shangazi shikamoo. Hiyo nimekubali, imeelezea ile wikiendi ya pili kuliko mambo yangu ya dakika.

Mwisho_wa_Reli (Kigoma):
Shangazi asante sana. Nimetoka kumuuliza mwenye kibanda, anasema ya kwanza aliionyesha karibu wiki nzima mpaka watoto wa mtaani wakawa wanasalimiana kwa kukunja mikono kifuani, ya pili siku ya kwanza watu walisimama mpaka nje mlangoni, siku ya tatu hawakufika kumi akaitoa. Kwa hiyo korona na China nimeziondoa kwenye hoja zangu. Ila neno kufeli bado nalikataa, bajeti yake ilikuwa kama milioni 250 na kwa muvi zilizotoka 2022 imeshika namba sita dunia nzima. Kesho namrudia jamaa na hiyo ya harusi na msiba.