Mrejesho: barafu za mtindi na embe

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini barafu zangu za mtindi na embe zinatoka ngumu kama jiwe, zimejaa chenga za maji, watoto wanaishia kuzilamba tu. Asanteni sana mliojibu.

Nilianza na ushauri wa kuchuja mtindi. Lita moja nikaifunga kwenye kitambaa safi cha pamba, nikaiweka juu ya chujio ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi mtindi umebaki kama nusu, mzito kweli. (Maji yake sikumwaga, nilikandia chapati.) Nikausaga na maembe dodo mawili yaliyoiva sana, ndizi mbivu moja na vijiko vitatu vya asali, nikamimina kwenye vikombe vidogo na kuchomeka vijiti. Baada ya saa sita zinang'atika! Dada aliyesema utamu ndio unaozuia zisigande kama jiwe alikuwa sahihi: nilipojaribu bila asali, ugumu ulirudi. Ila kitinda mimba wangu hajafikisha mwaka, kwa hiyo yeye hapewi za asali.

Tikiti limenishinda. Maji mengi mno, hata mtindi ukiwa umechujwa. Na ule ushauri wa kukoroga kila nusu saa, samahani, nilikoroga mara moja nikasinzia.

Jumamosi umeme ulikatika zikaanza kuyeyuka. Nilizigandisha tena, chenga zikarudi. Siku nyingine tutazinywa tu zikiwa bado za baridi.