Wahusika wengi wanaharibu hadithi? Mimi nakataa, ila sio kila mahali

Kuna watu wanashikilia eti riwaya nzuri ni wahusika watano sita basi, wakizidi hapo msomaji anapotea, na mfano wao kila saa ni Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Sawa, najua waliofanyia KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, walisota nayo, mara Ridhaa, mara Mwangeka, geuza kurasa kidogo Kaizari, Subira, Lime, Selume, kabla hujashika nani ni mke wa nani ushaletewa wengine. Sibishi. Lakini ile ni hadithi ya nini jamani? Watu wamefukuzwa makwao baada ya uchaguzi, nyumba zimechomwa, wamerundikana Msitu wa Mamba. Utaandikaje kambi ya wakimbizi na watu watano?? Na Umu na wadogo zake Dick na Mwaliko, wanapotezana kila mmoja anaangukia mikono ya watu wengine kabisa, ukiwapunguza hao watu wa katikati basi kule kukutana kwao kunakuwa rahisi mno.

Penye shida ni pale shule ya Tangamano. Wasichana wamekaa, huyu akimaliza kisa chake yule anaanza, Kairu, Mwanaheri, Chandachema, Zohali... hawafanyiani kitu, wanasimuliana tu. Hapo hata wangekuwa wawili ningechoka.

Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) nayo ni visa foleni, Karama kizimbani anasimulia habari za wajumbe sita, mbona hatupotei? Maana kila mjumbe katumwa upande wake, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni, ardhini, na kila anayerudi na jambo la maana anatupwa jela, kwa hivyo kila kisa kinazidi kuwaumbua wale wale wanaomhukumu Karama.

Mtu ataniambia mwanafunzi hana muda wa hayo yote. Hilo ni tatizo la mtihani bwana, sio la riwaya, ukilazimishwa kukariri sifa na umuhimu wa kila mtu hata kumi ni wengi.

Wanaotaka watu wapunguzwe basi wataje nani kwa jina, na akitoka nini kinaanguka. Mimi naanza: Zohali. Kisa chake ni mimba ya utotoni, na hiyo tayari tunayo kwa Pete, msichana mwingine humo humo Chozi la Heri, na kwa Pete inauma zaidi. Haya, nyinyi?